Baada ya Kiharusi, Misuli Nayo Hubadilika

Oktoba 29, Siku ya Kiharusi Duniani, inapokaribia, wengi hutuuliza kuhusu presha na namna ya kujikinga. Ni maswali mema. Ila malalamiko yanayozidi kutufikia kwenye vitengo vya mazoezi tiba hapa Dar es Salaam ni mengine: "Mnamchezesha mkono tu, dawa hamtoi."

Kiharusi huumiza ubongo. Msuli siku hiyo haujaguswa, ila umekosa amri, na msuli usiotumika haubaki ulivyo. Ndani ya siku chache huanza kupoteza protini nyingi kuliko unazojenga, nyuzi zake zikakonda. Miezi inavyokwenda, mafuta huingia kati ya nyuzi, mishipa midogo ya damu hupungua, na nyuzi zinazostahimili kazi ya muda mrefu hugeuka kuwa za aina inayochoka upesi. Ndiyo maana mgonjwa aliyeanza kutembea huishiwa nguvu kabla hajafika chooni. Ndugu humwita mvivu. Si mvivu, na maneno hayo humkatisha tamaa ya mazoezi.

Mguu wa upande usiopooza nao hudhoofu, kwa kuwa mgonjwa mwenyewe amelala. Tena misuli ndiyo huchukua sehemu kubwa ya sukari ya kwenye damu baada ya mlo. Ikipungua, sukari hupanda kirahisi. Hata asiyekuwa na kisukari apimwe.

Kinachotuumiza zaidi ni mkono uliokunjwa kifuani wiki hata wiki. Mwanzoni huwa umelegea, baadaye hukakamaa kwa sababu ubongo hauudhibiti tena mvutano wa misuli. Ukiachwa hivyo, msuli hufupika kwelikweli na tishu ngumu huongezeka ndani yake. Amri ya ubongo inaweza kurudi, na mkono bado usinyooke. Huko "kuchezesha" mnakokulalamikia ndiko kunakozuia hali hiyo.

Tuseme wazi, maana tumelirudia mno: mkono haujafa. Haukurogwa, wala haukupitiwa na upepo. Kuukanda kwa maji ya moto huunguza, kwani wagonjwa wengi wamepungukiwa hisia upande huo. Kumvuta mkono ili apande bajaji huteguza bega ambalo halina misuli ya kulishikilia. Mshikeni kiunoni na mgongoni. Anayetaka tiba asili ahakikishe mganga amesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, chini ya Sheria Namba 23 ya mwaka 2002. Kutoa huduma hiyo bila usajili ni kosa la jinai, na bango la barabarani si usajili.

Kuhusu utaratibu: kabla ya kuruhusiwa kutoka wodini, ombeni muhtasari wa matibabu na fomu ya rufaa iliyoandikwa mazoezi tiba. Msikubali iandikwe "kliniki" tu, mtazungushwa. Siku ya miadi njooni na fomu hiyo, kadi ya bima au kitambulisho, namba ya jalada na dawa zote zikiwa kwenye pakiti zake. Mgonjwa anayekaa mbali aulizie huduma hiyo katika hospitali ya rufaa ya mkoa iliyo karibu naye, iwe Amana, Temeke au Mwananyamala. Mzee asiye na uwezo aanzie kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali, akiwa na barua ya serikali ya mtaa. Anayepelekwa kijijini aombe barua ya kuhamishiwa huduma kabla hajasafiri, kwa sababu wengi huondoka kimyakimya na mazoezi hukomea hapo.

Nyumbani, zoezi la kwanza ni kusimama kutoka kitini na kukaa tena, mara nyingi kwa siku, kukiwa na mtu pembeni na presha ikiwa imepimwa. Msiogope kuongeza uzito kama mtaalamu ameruhusu: mazoezi ya nguvu hayaongezi kukakamaa. Chakula kiwe na dagaa, maharage au mayai, baada ya uwezo wa kumeza kuthibitishwa na wataalamu.

Aliyekaa mwaka mzima bila mazoezi naye aletwe. Ubongo hupona kwa kasi zaidi katika miezi mitatu ya mwanzo, lakini msuli huitikia mazoezi hata miaka baadaye.