Uranus iko jirani na Kilimia, ila hutaijua kwa kuitazama mara moja

Mwanzoni mwa 2025 ujumbe ulizunguka kwenye makundi ya WhatsApp: sayari saba zimejipanga angani, toka nje utazame. Watu wakatoka. Wakaona Zuhura iking'aa magharibi, Mshtarii juu, Mirihi na wekundu wake, wakarudi ndani wameridhika kwamba wamezimaliza zote saba. Uranus na Neptuni hawakuziona, na hakuna aliyewaambia kwamba kuwapo angani na kuonekana ni mambo mawili. Haya hapa madai mengine unayoweza kuyasikia kuhusu kuzitazama, na ukweli wake.

"Uranus haionekani bila darubini." Huonekana, ila kwa shida. Wanaastronomia hupima mwangaza kwa namba, na namba ikipanda nyota inafifia. Penye giza totoro macho matupu hukomea kwenye 6 hivi, na Uranus huwa karibu na 5.7. Kijijini kusiko na umeme, usiku usio na mwezi, mtu mwenye macho mazuri ataipata. Penye taa za jiji, kama Kariakoo au Eastleigh, asijisumbue. Neptuni ina 7.8, kwa hiyo hata ukiwa katikati ya jangwa hutaiona bila darubini.

"Nchi za Ulaya ndizo zenye anga la kuona sayari." Kinyume chake. Sayari hupita kwenye njia ile ile ya jua, na kwetu sisi wa karibu na ikweta njia hiyo iko juu utosini. Jijini Nairobi sayari hizi, zikifika kilele chake, huwa zaidi ya nyuzi 60 kutoka upeo wa macho, mwaka wowote ule. London kuna miaka ambapo Uranus haipandi kufikia hata nyuzi 20, na hapo mtazamaji huichungulia kupitia hewa nzito na moshi wa mji. Kinachotukwamisha huku ni mawingu na taa.

"Nunua darubini inayokuza mara 500." Maneno hayo huandikwa kwenye maboksi ya darubini ndogo za kuchezea. Lenzi ya milimita 60 haiwezi kukuza kwa faida zaidi ya mara 120 hivi, na ukizidisha hapo unakuza ukungu. Kitu kilichofifia kinahitaji mwanga, na mwanga huja kwa upana wa lenzi. Darubini ya kawaida ya macho mawili, ile ya 10x50 (inakuza mara 10, lenzi zake ni za milimita 50), hukusanya mwanga karibu mara 50 ya mboni ya jicho iliyofunguka kabisa. Hiyo inatosha kwa Uranus, na hata kwa Neptuni penye giza. Ila mikono hutetemeka, kwa hiyo iweke kwenye stendi au ulale chali kwenye mkeka viwiko vikiwa chini.

"Simu itanionyesha." Programu ya ramani ya anga kama Stellarium itakupeleka mtaani, haitakufikisha mlangoni. Dira ya simu hukosea nyuzi kadhaa, na ndani ya nyuzi hizo nyota zenye mwangaza kama wake ni nyingi. Tena kioo cha simu kinaua macho: yanahitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, na kutazama ujumbe mmoja tu kunakurudisha mwanzo.

"Neptuni ni ya buluu iliyoiva." Picha za chombo cha Voyager 2 za 1989 zilikolezwa rangi. Watafiti wa Oxford walionyesha mwaka 2024 kwamba rangi yake halisi ni hafifu na haitofautiani sana na ya Uranus. Kwenye darubini yako ni nukta.

"Sayari utaijua, haimetimeti." Hii ndiyo inayowapoteza wengi, maana kwa Mshtarii huwa ni kweli: duara lake ni pana. Uranus inaonekana kwa upana usiofika hata moja ya nane ya Mshtarii, na kwa macho au darubini ndogo haitofautiani na nyota. Nimewahi kutazama nyota isiyo yake usiku mbili mfululizo, nikiwa na furaha tele.

Nina wenzangu wakubwa. Galileo, mwanaastronomia wa Italia, alimchora Neptuni mwezi wa Desemba 1612 na tena Januari 1613 alipokuwa akifuatilia miezi ya Mshtarii. Aliona hata kwamba "nyota" hiyo imesogea, akaendelea na Mshtarii wake. Ilibidi Neptuni ingoje kutambuliwa hadi Septemba 1846, pale wanaastronomia Galle na d'Arrest wa Berlin, wakiwa mkononi na hesabu za Mfaransa Le Verrier za mahali pa kuitafuta, walipolinganisha anga na ramani mpya ya nyota wakakuta moja isiyochorwa. Huko Greenwich, Uingereza, mwanaastronomia John Flamsteed aliiona Uranus Desemba 1690 akaiorodhesha kuwa nyota, kwa jina 34 Tauri. William Herschel alipoikuta Machi 1781, naye alidhani ni kometi, yaani nyota yenye mkia.

Kitambulisho chake ni mwendo. Neno lenyewe sayari, kwa asili yake ya Kiarabu, ni kitu kiendacho. Kwa miaka hii ya 2025 na 2026 Uranus inapita kusini kidogo ya Kilimia, lile kundi dogo la nyota zilizosongamana, umbali wa vidole vitatu ukinyoosha mkono. Mwishoni mwa Novemba Kilimia huchomoza jua likizama, kwa hiyo subiri hadi saa nne usiku ili kiwe kimepanda juu. Elekeza darubini, chora kwa penseli kila nukta unayoiona, kisha urudi baada ya wiki moja. Iliyohama kwa karibu nusu ya upana wa mwezi ndiyo yenyewe.

Uranus hulizunguka jua kwa miaka 84. Tangu 1690 inakamilisha mizunguko minne, na mwishoni mwa 2026 itakuwa karibu na pale pale Flamsteed alipoiandika kuwa nyota.