Boma langu na Luka 14

Nyuma ya nyumba tunayoishi hapa Masasi lipo boma langu. Msingi niliuchimba msimu mmoja korosho zilipolipa vizuri, tofali zikapanda hadi usawa wa lenta, pesa ikakata. Sasa wenye nyumba ni mbuzi wa jirani. Mke wangu huliita "kanisa la mbuzi". Nami, mwalimu wa ubatizo, kila mwaka tukifika Luka 14 nawapeleka wakatekumeni wangu, wanaojiandaa kubatizwa, wakalione. Sioni haya, Yesu mwenyewe alishasema kwamba wapitao watamcheka mtu wa namna hiyo.

"Ni nani katika ninyi, kama akitaka kujenga mnara, asiyeketi kwanza na kuhesabu gharama?" Wengi hulisikia hilo kama ushauri wa fundi: jipange kwanza, zikitosha ndipo uanze. Na huku kwetu kujipanga kuna jina lake, msimu. Nitabatizwa msimu ukiisha. Tutafunga ndoa kanisani mnada wa pili ukitoka vizuri. Visingizio hivyo nimeshavijua kwa zamu zake, toka kupuliza salfa kwenye mikorosho hadi malipo ya AMCOS, chama chetu cha ushirika cha wakulima.

Lakini endelea kusoma, ufike kwa yule mfalme. Ana askari 10,000, na anayemjia ana 20,000. Anaketi, anapiga hesabu, hesabu inakataa. Atangoja mwakani aongeze jeshi? Adui yuko njiani! Anatuma wajumbe mwenzake angali mbali, aombe amani. Ndipo unakuja mstari wa 33: asiyeacha vyote alivyo navyo hawezi kuwa mwanafunzi. Kumbe hesabu hii haipigwi ili ujue kama unazo za kutosha. Huna. Inapigwa ili ulijue hilo mapema, wakati wajumbe bado wana pa kwenda. Kitenzi cha Kigiriki alichotumia Luka kimetokana na neno la kijiwe, maana zamani walihesabu kwa vijiwe, kama sisi darasa la kwanza. Ni kazi ya jioni moja, si ya msimu.

Gharama yenyewe haikuanza na sisi. Mwaka 1876 Edward Steere, askofu wa UMCA, misheni ya Kianglikana, aliwaleta Masasi watu walioachiwa huru kutoka utumwani, akitokea nao Unguja. Mwaka 1882 Wangoni, walioitwa Wamagwangwara, wakakivamia kijiji, wakaua, wakachukua mateka. Watu walioijua minyororo wakaona jirani zao wakiswagwa tena. Mahubiri yetu ya baraka na mafanikio hayapitagi njia hiyo.

Ila linalonisumbua mimi ni lile la Luka 9, Yesu alipomjibu aliyeomba kwanza akamzike baba yake: "Waache wafu wawazike wafu wao." Hapo darasa zima hunyamaza. Mtwara mtu asiyekwenda kuzika ni mtu gani? Wafafanuzi wengine hulilainisha, wanasema baba wa yule kijana alikuwa bado hai, kijana alitaka tu kungoja hadi afe. Nililiona jibu rahisi mno, mpaka nilipompata mwanafunzi wa hivyohivyo.

Amezaliwa katika nyumba ya Kiislamu. Mara mbili alianza darasa, mara mbili akapotea ubatizo ukikaribia.

"Mwalimu, namngoja mzee. Sitaki afe na uchungu."

"Mzee anaumwa?"

Akacheka. "Aumwe wapi! Jana kapalilia mikorosho toka alfajiri."

Sikumwambia amwache baba yake. Nilimwambia aende akamweleze, siku ileile, kwa sababu kumficha mzazi jambo kwa miaka huku unahesabu siku zake si heshima. Nikiri kwamba usiku ule sikulala vizuri. Ushauri ni rahisi kwa asiye na baba wa kumkabili.

Jumatano alirudi. Alimkuta mzee anamenya muhogo. Mzee akasikiliza yote bila kuweka kisu chini, kisha akauliza, "Sasa nikifa, utakuja kunizika au utatuma salamu?"

"Nitakuja, baba."

"Na nikishawekwa kaburini, wenzio wakiinua mikono kuniombea dua, wewe utasimama wapi?"

Hapo kijana alikosa la kusema, akaja kuniuliza mimi. Ubatizo wake ni Pasaka hii, tarehe haisogei tena. Swali la mzee tulikaa nalo juu ya tofali za boma, Biblia magotini, mpaka mbuzi wakaja kulala.