Kiegemeo cha meza ya seremala: kinaweza kupata hataza?

Fundi aliingia ofisini asubuhi amebeba kitu kizito kwenye gunia. Alitoka Keko, hapo Dar es Salaam ambapo ukipita barabarani unapishana na vitanda na makabati yaliyoanikwa kando ya njia. Akafungua gunia juu ya meza yangu, faili nikaziwahi kuziondoa. Kulikuwa na chuma cha kona, urefu wake kama mkono wa mtu mzima, kimechomelewa bapa chini na mshikio pembeni.

"Dada, hiki ni kiegemeo cha meza ya kazi," akasema. "Kinasogea na kinatoka. Nataka hati yake mtu asiniibie."

Kwa asiyejua kazi ya mbao, kiegemeo ni ule ubao au chuma kinachosimama juu ya meza, fundi akaegemeza kipande chake hapo ili msumeno au randa ipite kwa mstari ulionyooka. Bila hicho, mbao kumi unazotaka zilingane zitatoka kila moja na upana wake.

Fundi huyu nimemuunda kutokana na wengi niliowahudumia, na chuma chake nimekibuni mwenyewe. Cha mtu halisi nisingekianika hapa kabla hajawasilisha ombi lake. Sababu utaiona mbele. Lakini yale maneno mawili, kinasogea na kinatoka, sikuyabuni. Nayasikia karibu kila mwezi, na ndiyo yanayoangusha maombi mengi ya hataza za zana za mikono, yaani ile hati (patent kwa Kiingereza) inayompa mvumbuzi haki ya kuwazuia wengine wasitengeneze kitu chake kwa muda maalumu.

Sheria ya Hataza ya Tanzania Bara, Sura ya 217, iliyotungwa mwaka 1987, inataka mambo matatu: uvumbuzi uwe mpya, uwe na hatua ya kivumbuzi, na uweze kutumika viwandani. Sheria ya Mali ya Viwanda ya Kenya ya mwaka 2001 inataka hayo hayo. Hilo la viwandani halimsumbui seremala, kwa sababu kitu kinatengenezeka na kinafanya kazi. Kazi iko kwenye mawili ya mwanzo.

Upya unapimwa kwa dunia nzima. Kwamba hujawahi kukiona Keko, wala Gikomba kule Nairobi, hakusaidii kitu. Seremala Mfaransa André Roubo alichapisha kitabu cha ufundi wake kuanzia mwaka 1769, na kwenye picha za meza zake za kazi kuna kigingi cha mraba kilichopita kwenye tundu la meza. Ukitaka kupiga randa ubao mnene unakigonga kutoka chini kiinuke juu. Ukiwa mwembamba unakigonga kishuke. Ukitaka meza tupu unakichomoa. Hicho tayari ni kizuizi cha meza ya seremala kinachorekebishika na kinachoondoleka, na kina zaidi ya miaka 250. Karibu na wakati wetu, mwishoni mwa miaka ya 1970, Mmarekani William Biesemeyer alipata hataza ya kiegemeo cha msumeno wa meza chenye umbo la herufi T, kinachobanwa kwa mshikio mmoja. Muda wa hataza ile umekwisha siku nyingi. Yeyote anaruhusiwa kukitengeneza leo bila kumwomba mtu ruhusa wala kumlipa, na nashangaa mafundi wetu hawaichukui fursa hiyo. Nyaraka za hataza zilizokwisha muda ni mafunzo ya bure yenye michoro.

Sasa tuseme kiegemeo chako hakifanani kabisa na kimoja chochote kati ya hivyo. Umevuka upya, kwa sababu ili kukunyima upya mkaguzi wa ofisi ya hataza lazima aonyeshe kitu kimoja, au andiko moja, lenye kila kilichomo kwenye dai lako, yaani maneno ya ombi yanayosema unataka kulinda nini. Kwenye hatua ya kivumbuzi ana uhuru zaidi. Anaweza kuchukua kiegemeo kutoka hapa na kabari kutoka pale, kisha akauliza: fundi wa kawaida, anayeijua kazi yake ila si mvumbuzi, angeviunganisha bila kuumiza kichwa? Jibu likiwa ndiyo, ombi limekwama.

Hapa kuna maamuzi mawili ya mahakama ya Marekani ambayo huwa nawasimulia wateja. Hayamfungi mkaguzi wa Dar es Salaam wala wa Nairobi, lakini hoja yake ndiyo utakayokutana nayo popote. Mwaka 1954, katika shauri la Stevens, kilicholetwa kilikuwa mpini wa fimbo ya kuvulia samaki wenye sehemu zinazorekebishika. Mahakama ikasema kukifanya kitu kirekebishike, pale ambapo haja ya kurekebisha inajulikana, si maendeleo ya kustahili hataza. Mwaka 1961, katika shauri la Dulberg, ilikuwa kishikio cha rangi ya mdomo chenye kifuniko kinachotoka. Majaji wakaona kwamba kama mtu anataka kufika upande uliofunikwa kwa sababu yoyote, kufanya kifuniko kitoke ni jambo lililo wazi. Mpini wa fimbo na rangi ya mdomo! Ukiviweka pamoja una "kinasogea" na "kinatoka" vya fundi wangu, vyote viwili vimeshakataliwa kabla hajazaliwa.

Kubadili malighafi nako hakutoshi. Hilo lilizungumzwa zamani zaidi, mwaka 1851, Mahakama Kuu ya Marekani ilipoikataa hataza ya vitasa vya mlango vya udongo, kwa kuwa vitasa vya namna ile vya chuma na mbao vilikuwepo. Kwa hiyo ukija na hoja kwamba vya wenzako ni vya mbao na chako ni cha alumini, nitakupa kiti na chai, lakini fomu nitaiacha kwenye droo.

Basi meza ya kazi haipati hataza kabisa? Inapata. Ron Hickman, mzaliwa wa Afrika Kusini ambaye tayari alikuwa amebuni gari la Lotus Elan, alikuwa nyumbani kwake Uingereza akikata mbao juu ya kiti, msumeno ukapita ukakata na kiti. Kutokana na hasara ile alibuni meza ya kazi inayokunjwa. Kampuni kadhaa zilimrudisha zikisema haina soko. Aliomba hataza mwaka 1968, Black & Decker wakaja kuitengeneza kwa jina la Workmate, na zikauzwa mamilioni kwa mamilioni. Ukimuuliza mtu mtaani sifa ya meza ile atakwambia inakunjwa, lakini meza za kukunjwa zilikuwepo tangu zamani. Angalia juu yake: mbao mbili zinazofanya uso wa meza ndizo hizo hizo meno ya jiliwa, kile kifaa cha kubania kazi. Kila upande una skrubu yake, kwa hiyo mbao hizo zinaweza kukaa mshazari na kubana kitu kisicho na pande sambamba. Tatizo la fundi asiye na karakana lilipata jibu ambalo halikuwa limekaa wazi mezani likisubiri kuokotwa.

Nikamrudia fundi wangu. "Kusogea tumekuelewa, fundi. Kwa nini hukununua cha dukani?"

Hapo ndipo alipoanza kueleza, na nikaweka kalamu chini. Meza yake ni ya mninga, imepinda kidogo, na ukingo wa mbele umeliwa na misumeno ya miaka. Viegemeo vya dukani huchukua unyoofu wao kutoka kwenye ukingo wa meza. Ukingo ukiwa mbovu, kiegemeo nacho ni kibovu. Kila akikitoa na kukirudisha anapoteza robo saa na skwea mkononi. Chake hakigusi ukingo. Amezamisha boliti tatu kwenye meza, vichwa vimebaki juu kidogo, na bapa ya kiegemeo inakaa juu yake. Mshikio ukianza kuzungushwa unaivuta bapa ishikane na boliti mbili kwa ubavu. Ukiendelea, kabari ndiyo inaikandamiza chini. Kwanza ubavu, kisha chini, na mpangilio huo hauwezi kugeuzwa. Juu ya bapa kuna mfereji na skrubu ya kusogeza chuma mbele na nyuma. Alikuwa amekuja na kipande cha ubao chenye boliti zake. Tukakitoa na kukirudisha mara sita, na mara zote karatasi ya kuandikia haikupita kati ya skwea na chuma.

Akija hivyo, mkaguzi ana kazi ya kufanya. Atatafuta kama kuna mtu aliyewahi kutumia boliti tatu, na kama kuna aliyewahi kutumia kabari yenye hatua mbili, halafu atajiuliza kama kulikuwa na sababu ya kuviunganisha kwenye meza yenye ukingo mbovu. Anaweza kukataa. Lakini sasa kuna mjadala, na mwanzoni haukuwepo.

Kinachoamua mjadala huo ni dai, yale maneno machache mwishoni mwa maelezo yanayoweka mipaka ya haki yako. Alilokuja nalo lilisema: "Kiegemeo cha meza ya useremala kinachoweza kurekebishwa na kuondolewa." Ni pana kama bahari, na kigingi cha Roubo kinaogelea humo. Tuliloandika pamoja lilisema: "Kiegemeo cha meza ya useremala chenye bapa inayokaa juu ya boliti tatu zilizozamishwa mezani, na mshikio mmoja wenye kabari, ambapo mzunguko wa kwanza wa mshikio huivuta bapa hiyo iguse boliti mbili kwa ubavu, na mzunguko unaofuata huikandamiza chini, bila bapa kugusa ukingo wa meza." Fundi alilalamika kwamba nimempunguzia shamba. Ni kweli. Mtu akitumia boliti nne huenda akaponyoka, na ndiyo maana tulibishana juu ya neno "tatu" hadi saa saba mchana. Mwishowe tuliliandika "angalau tatu."

Kabla ya kulipa ada yoyote, fanya utafutaji mwenyewe. Espacenet na Patentscope, hifadhi za nyaraka za hataza mtandaoni, ni bure, na simu yenye bando inatosha. Ukitafuta kwa maneno utazama, kwa sababu kila mwandishi anakiita kitu jina lake. Tafuta kwa namba za makundi: B25H 1 ni meza za kazi, B27B 27 ni viegemeo na vizuizi vya mashine za kupasua mbao. Kiingereza kikikusumbua, angalia michoro. Seremala anasoma mchoro wa mashine kuliko mwanasheria yeyote ninayemjua.

Ukiona umekaribiana mno na vya watu lakini hakuna kilicho sawasawa na chako, usikate tamaa haraka. Sheria ya Bara inatoa pia hati ndogo kuliko hataza, inayodai upya na matumizi ya viwandani bila kudai hatua ya kivumbuzi. Kenya nayo ina hati ya namna hiyo, inayodumu miaka 10 bila kuongezwa, wakati hataza yake hufika miaka 20 tangu ombi lilipowasilishwa, alimradi ada za kila mwaka zinalipwa. Kwa zana nyingi za meza ya kazi, mimi huanza kufikiria huku. Kiegemeo ambacho miaka kumi ijayo kitakuwa kimepitwa hakihitaji ulinzi wa miaka ishirini na ada zake zote.

Na hati hizi zina mipaka ya nchi. Iliyotolewa na BRELA, wakala wa usajili wa Tanzania Bara, haivuki bahari kwenda Unguja, kwa kuwa Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2008 na msajili wake. Anayelenga nchi kadhaa anaweza kupitia ARIPO, shirika la mali miliki la nchi kadhaa za Afrika lenye makao Harare, kwa ombi moja linalotaja Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na wanachama wengine. Ukianza na ombi la nyumbani, Mkataba wa Paris wa kulinda mali ya viwanda unakupa miezi 12 ya kuomba nchi nyingine wanachama huku ukihesabiwa tarehe ile ya kwanza. Miezi hiyo itumie kuuza meza chache uone kama soko lipo. Fundi anayetengeneza meza mbili kwa mwaka kwa ajili ya karakana yake mwenyewe sioni afuate nini Harare.

Tulikuwa tumebakiza sahihi nilipouliza swali ambalo nilipaswa kuanza nalo: kuna mtu amekiona? Akatoa simu kwa furaha. Video ilikuwa imekaa wiki tatu kwenye kundi la mafundi, watu zaidi ya mia mbili, mshikio unazungushwa taratibu na yeye mwenyewe anaeleza kwa sauti boliti zinavyoshika.

Kuonyesha hadharani kabla ya kuomba kunaweza kuua upya, na aliyeonyesha kuwa ni mwenyewe hakubadilishi hilo. Iwe ni banda la Sabasaba au kundi la simu, ni mamoja kama walioona hawakufungwa na ahadi ya siri. Zipo nchi zenye msamaha: Kenya haiuhesabu utangazaji wa mvumbuzi mwenyewe uliofanyika ndani ya miezi 12 kabla ya ombi, na Marekani ina muda kama huo. Ulaya haina msamaha wa namna hiyo. Video ikishatoka, mlango umefungwa.

"Basi niifute," akasema, kidole tayari kiko juu ya kioo.

Nikamwambia aiache, ila aandike pembeni tarehe na saa aliyoirusha, kwa sababu hiyo ndiyo tutakayoanza kuhesabia.