Ikiwaka, nawa! Maswali kuhusu vipodozi vya mimea vya kujitengenezea

Swali: Kwanza, dondoo la mmea ni nini?
Ni ile dawa unayoitoa kwenye jani, ganda au mbegu kwa kukamua, kuchemsha au kuloweka kwenye mafuta. Ukiichanganya kwenye krimu au sabuni, tayari umepata kipodozi. Basi.

Swali: Nimepaka na uso unawaka moto, si ndo dawa inafanya kazi?
Hapana. Hiyo ni ngozi inaungua. Kuna dada alikuja kliniki kwetu kajifunika kitambaa usoni, malengelenge yameshapasuka mashavuni, namuuliza yameanza lini ananiambia leo siku ya nne, na asubuhi hiyohiyo kapaka tena maana aliambiwa "uchafu unatoka". Uchafu gani jamani? Ikiwaka nawa kwa maji mengi, acha kabisa, usipake kitu kingine juu yake.

Swali: Lakini si ni mmea tu, hauna kemikali?
Mmea wenyewe umejaa kemikali, ndo maana unatibu. Limau ukipaka ukatoka juani, kesho yake au keshokutwa unapata malengelenge, halafu doa jeusi linakaa hata miezi. Mshubiri (aloe vera) nao una utomvu wa njano chini ya ganda, huo unawasha, kwahiyo simamisha jani utomvu uchuruzike, osha, ndo uchukue ute usio na rangi.

Swali: Nikitengeneza nyingi nikaweka?
Yenye maji ndani bila kihifadhi (kitu cha kuzuia isiharibike) haikai, bakteria wanazaliana hata kama hainuki wala haijabadilika rangi. Tengeneza kidogo, weka kwenye friji, baada ya siku chache mwaga. Najua inauma kumwaga, mwaga tu.

Swali: Nitajuaje inanifaa?
Paka kidogo ndani ya kiwiko asubuhi na jioni kwa siku 7. Sio siku moja, aleji nyingine zinachelewa.

Swali: Kama imeshanichubua, nisubiri kidogo ikauke?
Usisubiri! Malengelenge, usaha, homa, wekundu unaosambaa au imeingia machoni, njoo kliniki leo. Midomo au macho yakivimba au pumzi inabana, hiyo ni dharura, kimbia hospitali sasa hivi. Na ndio, narudia, kuwaka sio kupona. Njoo na hicho kichupa chako pia, usikiache nyumbani kwa aibu, nataka kujua umechanganya nini.