Ngome ya Yesu, Mombasa: tunayoambiwa na yaliyokuwa

Kila baraza ya Mji wa Kale ina hadithi yake ya Ngome ya Yesu, na waongoza watalii wana zao pia. Nyingi zina chembe ya kweli ndani yake, ndiyo maana hazifi. Hizi ndizo zinazosikika zaidi, na yaliyo nyuma yake.

"Ngome ilijengwa na Vasco da Gama"

Da Gama alitia nanga nje ya Mombasa Aprili 1498, akashuku njama, akang'oa nanga na kwenda Malindi alikopokewa vizuri. Alifariki Kochi, India, mwaka 1524. Ngome ilianza kujengwa mwaka 1593, wakati huo yeye ameshalala kaburini karibu miaka sabini. Aliyeichora ni Giovanni Battista Cairati, msanifu wa Milano, Italia, aliyewatumikia Wareno katika himaya yao ya India. Nadhani mnara wa da Gama ulioko Malindi ndio unaowachanganya watu.

Swali zuri zaidi ni kwa nini Wareno walichelewa hivyo. Waliupora na kuuchoma mji wa Mombasa mwaka 1505, wakarudia mwaka 1528, na kila mara wakaondoka zao. Kilichowabadilisha ni Mturuki. Katika miaka ya 1580 Amir Ali Bey alikuja pwani hii mara mbili, na watu wa Mombasa wakampokea kwa furaha. Mwaka 1589 merikebu za Wareno kutoka Goa, makao yao makuu India, zikaingia bandarini, na wakati uo huo Wazimba, wapiganaji waliotoka bara, walikuwa wamepiga kambi ng'ambo ya Makupa, kivuko cha kuingilia kisiwani. Mji ukabanwa baharini na bara, ukaanguka. Baada ya hapo Wareno hawakutaka tena kuondoka, na mshirika wao, mfalme wa Malindi, akaletwa kutawala Mombasa.

"Umbo lake ni mwili wa Yesu aliyelala"

Ukiitazama ngome kwenye picha iliyopigwa kutoka juu, kweli unaweza kuona kichwa, mikono na miguu. Wasanifu wa Italia wa zama zile waliamini kwamba vipimo kamili hutokana na mwili wa binadamu, na UNESCO iligusia jambo hilo ilipoiingiza ngome katika Urithi wa Dunia mwaka 2011. Kutoka hapo hadi kusema ni Yesu mwenyewe, huo ni mruko wa mwongoza watalii mwenye kipaji.

Zile pembe zina kazi nyingine. Pembe mbili zinazotazama bara, San Filipe na San Alberto, zimekunjwa kwa ndani ili mizinga ya moja iufagie ukuta wa mwenzake. Adui akiegemeza ngazi, apigwe ubavuni. Na upande huohuo wa nchi kavu ndiko kuliko na handaki kavu lililochongwa kwenye mwamba wa matumbawe. Yaani ngome tunayoiita mlinzi wa bahari iliwekewa ulinzi mzito zaidi dhidi ya watu wa nchi kavu. Aliyeichora alijua ni nani wa kumwogopa.

"Inalinda bandari ya Mombasa"

Inategemea bandari gani. Mizinga yake ilielekezwa kwenye mkondo wa kaskazini, unaoingia Bandari ya Kale, mbele ya Mji wa Kale. Huko ndiko majahazi yalikokuwa yakitia nanga. Kilindini, bandari kubwa ya leo, ilipata cheo chake baadaye sana, enzi za reli na meli kubwa. Mikondo hiyo miwili huachana karibu na Ras Serani, na Wareno walikuwa na kiboma kingine huko, cha São José, ambacho leo watu wanakipita wakienda kununua mihogo Mama Ngina Drive.

"Lilikuwa ghala la watumwa"

Hii inatokana na kuifananisha Mombasa na Elmina au Cape Coast, ngome za Ghana walikofungiwa watumwa kabla ya kusafirishwa. Si kwamba utumwa haukuwapo: watumwa waliishi na kufanya kazi ndani ya kuta hizi, na waliotawala ngome hawakuwa na mikono misafi katika biashara hiyo. Lakini ngome haikujengwa wala kuendeshwa kama kituo cha kukusanyia watu wa kuuzwa. Ilikuwa kambi ya askari na mahali pa kusimamia ushuru wa bahari. Vyumba vya giza wanavyoonyeshwa wageni kama vya watumwa vinawakumbusha wazee wa Mombasa jambo la karibu zaidi: tangu 1895 hadi 1958 Waingereza waliitumia ngome kama gereza.

"Ni vita vya Wareno na Waarabu, sisi tulikuwa watazamaji"

Hii ndiyo inayoniudhi, kwa sababu inatuondoa kwenye historia yetu wenyewe.

Wa kwanza kuichukua ngome kutoka kwa Mreno hakutoka Maskati, Oman. Alikuwa Yusuf bin Hasan, mfalme wa Mombasa wa ukoo wa Malindi. Baba yake aliuawa mwaka 1614 kwa hila ya Wareno. Kijana akapelekwa Goa, akalelewa na watawa, akabatizwa Dom Jerónimo, kisha akarudishwa kuketi kwenye kiti cha baba yake. Agosti 1631 aliingia ngomeni na watu wake, akamuua kapteni, akautangaza Uislamu wake. Mwaka uliofuata Wareno walileta merikebu na mizinga kutoka Goa, wakahangaika kwa miezi, wakarudi mikono mitupu. Yusuf aliiacha ngome mwenyewe baadaye, akaishia kuhangaika baharini, na Wareno wakaingia pasipo na mtu. Maandishi ya mwaka 1639 yaliyo juu ya lango kuu ni ya kapteni wao akijisifu jinsi alivyoiadhibu pwani baada ya uasi huo.

Halafu kuna kuzingirwa kwa ngome kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698. Tunaambiwa Imamu Saif bin Sultan wa Oman alileta jeshi, akamshinda Mreno. Ni kweli, na ni watu wa Mombasa waliokuwa wameomba msaada wa Oman miaka mingi kabla. Lakini tazama waliokuwa ndani. Wareno walikuwa makumi machache tu. Waliobaki, mamia kwa mamia, walikuwa Waswahili walioshikamana nao, wanawake na watoto wakiwamo. Mwaka 1697 tauni iliingia. Kapteni wa kwanza alikuwa ameshakufa. Wa pili akafa Agosti. Ikafika mahali ngome ya mfalme wa Ureno ikaongozwa na Bwana Daud, mwana wa wafalme wa Faza, mji wa visiwa vya Lamu, pamoja na watu wa pwani, wanawake wakisimama zamu ukutani. Msaada kutoka Goa ulipofika Septemba, ni yeye aliyeukabidhi ngome.

Kwa nini mtu wa Faza afe njaa kwa ajili ya Mreno? Kwa sababu Faza ilikuwa na uhasama wake na Pate, mji jirani, na Pate ilikuwa upande wa Oman. Siasa za Lamu na visiwa vyake zilikuwa na uzito kuliko dini au rangi ya mtu. Vitabu vya shule havina nafasi kwa watu kama Bwana Daud, kwani hawafai kuwa mashujaa wala wasaliti.

Moja ya merikebu za msaada, Santo António de Tanna, ilizama mbele ya ngome Oktoba 1697. Wapiga mbizi waliichunguza kati ya 1977 na 1980, na vyombo vilivyoopolewa viko kwenye jumba la makumbusho humo ndani. Ngome yenyewe haikubomolewa kwa mizinga. Usiku wa Desemba 1698 Waomani walipanda ukuta kwa ngazi, wakakuta walinzi wachache, wengi wagonjwa. Siku chache baadaye merikebu nyingine za Goa zilitokea, zikaona bendera nyekundu ya Oman juu ya kuta, zikageuza.

"1698 ndiyo mwisho wa Wareno Mombasa"

Walirudi Machi 1728. Askari wa Oman ngomeni walikuwa wamegawanyika, Pate nayo safari hii ikawa rafiki wa Mreno. Mwaka mmoja tu wa kuwa na wageni hao ulitosha. Mwaka 1729 watu wa Mombasa wenyewe waliinuka, wakawafungia Wareno ngomeni hadi chakula kikaisha, na Novemba wakawaruhusu waondoke. Ndipo ujumbe ukaenda Maskati kutaka ulinzi. Waomani walirudi kwa kualikwa, na mwaliko huo ndio uliowafungulia mlango Mazrui, ukoo wa Kiomani, ambao kufikia 1741 walikuwa wakitawala Mombasa kwa jina lao. Sayyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar, alihitaji miaka mingi, mkataba uliovunjika na ugomvi ndani ya ukoo wao kabla hajaipata ngome kwa kudumu mwaka 1837.

"Mizinga iliyo uani ni ya Wareno"

Baadhi ni ya kale kweli. Lakini miwili inayopigwa picha sana ni ya karne ya ishirini. Mmoja ulitoka kwenye manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyoangamizwa ndani ya delta ya Rufiji Julai 1915, na Wajerumani wakaivua mizinga yake wakaenda kupigana nayo nchi kavu. Mwingine ni wa Pegasus ya Waingereza, iliyozamishwa na Königsberg hiyohiyo bandarini Zanzibar, Septemba 1914. Hakuna hata mmoja uliowahi kufyatuliwa kutoka Ngome ya Yesu. Manowari zilizoipiga kweli ni Nassau na Rifleman za Uingereza, Januari 1875, zilipomtoa Akida Muhammad bin Abdallah, mkuu wa askari wa ngome, aliyekuwa amemwasi Sultani wa Zanzibar na kuielekeza mizinga ya ngome kwenye nyumba za mji.