Je, wajua kwa nini pini ya moto hushika plastiki pale gundi inapoachia?

Kava la pembeni la bodaboda likipasuka, wengi mjini Tanga hukimbilia kichupa cha supagluu. Kava linashika siku mbili tatu, kisha mtikisiko wa barabara unaufungua ufa pale pale, safari hii ukiwa mrefu zaidi. Baada ya hapo hutobolewa matundu na kufungwa waya. Lakini kava hilo hilo likipigwa pini za moto upande wa ndani na mtu anayejua anachofanya, linarudi barabarani na kukaa. Inakuwaje vipande vya waya vifaulu pale gundi iliposhindwa?

Gundi huhitaji eneo la kushika, na ufa hauna eneo. Kava lenye unene wa milimita 2.5 linaipa gundi ukanda wa milimita 2.5 tu. Supagluu ikishakauka huwa ngumu, haipindi, ilhali kava linapinda na kutikisika muda wote. Kinachovunjika kwanza ni gundi. Zipo pia plastiki ambazo gundi za kawaida haziwezi kuzishika hata zikipewa eneo la kutosha. Polipropilini, yenye alama PP, na polithini, yenye alama PE, ni miongoni mwa zilizo sumbufu zaidi: gundi hukaa juu yake bila kuingia, na ikikauka unaibandua kwa ukucha.

Stepla ya moto, kifaa chenye umbo la bastola kinachopiga pini hizo, inafuata njia nyingine. Ndani ya bastola yake mna transfoma inayoshusha umeme wa volti 230 hadi volti chache, na mkondo unapanda kwa kiasi kikubwa. Mkondo huo unapita kwenye pini nyembamba iliyochomekwa mdomoni, nayo inapata joto kali ndani ya sekunde chache na kuzama kwenye plastiki. Pini yenyewe imekunjwa mawimbi. Plastiki iliyoyeyuka inajaza mabonde ya mawimbi hayo, ikipoa inaganda ndani yake, na kwa kuwa plastiki husinyaa mara kadhaa zaidi ya chuma inapopoa, inaibana pini. Kuanzia hapo nguvu inayotaka kuupanua ufa haiuelemei tena ukingo uliovunjika, bali inabebwa na chuma. Mafundi wa mitepe wa pwani yetu walitumia kanuni iyo hiyo waliposhona mbao za chombo cha baharini kwa kamba za nazi bila msumari hata mmoja: kiungo hubebwa na kile kinachokivuka.

Kwa hiyo kabla ya kuwasha chochote, jiulize kama plastiki yako inayeyuka. Faiba haiyeyuki, inaungua. Vishikio vyeusi vya sufuria na birika, na sahani za melamini, ni hivyo hivyo. Hivyo viache.

Zinazoyeyuka mara nyingi zina alama kwa ndani, kati ya mishale miwili midogo: >PP<, >ABS<, >PE-HD<, >PA6<. Makava ya pikipiki huwa ABS, aina ya plastiki ngumu, au PP, bampa za magari nyingi ni PP iliyochanganywa, ndoo na madumu ni PP au PE. Kama alama haipo, kwangua kijipande upande usioonekana, kitie kwenye glasi ya maji yenye tone la sabuni ili mapovu ya hewa yasikishikilie. Kikielea, ni PP au PE. Kikizama, huenda ni ABS. Thibitisha kwa pamba yenye asetoni, ile ya kuondolea rangi ya kucha, maana ABS huwa inanata ukiisugua nayo na PP haishtuki. Angalizo moja: bampa yenye alama kama PP-TD20 imetiwa unga wa talki asilimia 20, na hiyo huzama ingawa ni PP.

Tofauti hizi zina maana mkononi. PP huyeyuka kwenye nyuzijoto 160 hivi, PE nzito karibu 130, na nailoni ya PA6 huhitaji takribani 220. ABS haina kiwango kimoja cha kuyeyuka, inaanza kulainika kwenye nyuzi 105 hivi na kuendelea kulegea taratibu. PVC, ile ya mabomba ya maji, usiichome ndani ya nyumba: ikipata joto kali hutoa gesi ya asidi inayochoma pua na mapafu. Hata hizo nyingine zifanyie kazi barazani, upepo ukitokea mgongoni mwako.

Sasa ufa wenyewe. Osha upande wa ndani kwa sabuni, sentimita 5 kila upande wa ufa, futa grisi, kausha. Kisha tafuta ncha ya ufa, na hapa pana hatua ambayo huachwa kuliko zote. Mwaka 1913 mhandisi Mwingereza C. E. Inglis alionyesha kwa hesabu kwamba nguvu katika bamba linalovutwa haigawanyiki sawasawa: kwenye ukingo wa tundu la duara hufika mara tatu ya wastani, na tundu likiwa jembamba na lenye ncha kali huzidi mno ya hapo. Ufa ndio huo ukali uliopitiliza. Ndiyo sababu hata mtikisiko mdogo unausogeza mbele, na ndiyo sababu dawa yake ni kuugeuza mwisho wake uwe duara. Toboa tundu la milimita 2 hadi 3 kwenye ncha. Lakini ncha halisi iko mbele kidogo ya ile unayoiona. Pinda plastiki taratibu huku ukiimulika tochi kwa nyuma, utaona mstari mweupe au mng'ao unaoendelea. Tundu lishike ncha hiyo. Ukitoboa nyuma yake umefanya kazi bure, ufa utaendelea kana kwamba hujagusa kitu.

Panga kingo mbili zikutane sawasawa na uzibane kwa tepu upande wa nje. Pini zote zinapigwa ndani.

Chagua pini ya unene wa milimita 0.6 kwa plastiki ya milimita 2 hadi 3, na ya 0.8 kwa iliyo nene zaidi. Chini ya milimita 1.5 pini hazifai, zitatokeza upande wa pili. Kwa plastiki nyembamba hivyo tumia kipande cha wavu mwembamba wa chuma kisichoshika kutu, ukizamishe kwa pasi ya kulehemu risasi. Pini za mawimbi ni za sehemu bapa, zile zenye umbo la V ni za kona. Iweke pini ikikatiza ufa, nusu huku nusu kule, ndipo ubonyeze kitufe. Usiipashe hewani kwanza: itakuwa nyekundu, itaiunguza plastiki badala ya kuiyeyusha, na plastiki iliyoungua haishiki.

Usisukume. Uzito wa bastola unatosha. Sekunde 2 hadi 4 pini itaanza kuzama. Ikifika katikati ya unene, achia kitufe na utulize mkono. Hesabu polepole hadi kumi ndipo uvute bastola. Wenye haraka huvuta plastiki ikiwa bado laini, pini inayumba, na mawimbi yake yanabaki kwenye tundu pana lisiloshika kitu. Kwa macho inaonekana imekaa. Ishike kwa plaizi uitikise, utaona inacheza. Hiyo ing'oe, upige nyingine pembeni.

Anza na pini moja karibu na kila mwisho na moja katikati, hakikisha kingo hazijahama, kisha jaza kati kwa nafasi ya milimita 10 hadi 15. Zipishanishe kidogo, nyingine zilale kushoto, nyingine kulia, maana zikifuatana kwa mstari mmoja ulionyooka, miisho yake inatengeneza mstari mpya dhaifu na kava litapasuka sambamba na kazi yako.

Muda wa sekunde tuliotaja unategemea umeme ulio kamili. Katika stepla za kawaida za transfoma, joto linafuata mraba wa volti: umeme ukishuka kutoka 230 hadi 180, kama inavyotokea jioni mitaa mingi, pini inapata asilimia 61 tu ya joto lake. Hapo mtu hukandamiza kwa nguvu ili izame, na pini inapinda. Ongeza sekunde, usiongeze nguvu, au ngoja asubuhi.

Asiye na stepla ya moto anaweza kutumia pasi ya kulehemu ya wati 40 hadi 60, ile ya mafundi redio. Kunja mwenyewe waya usioshika kutu uwe na mawimbi, ulaze juu ya ufa, ukandamize kwa ncha ya pasi hadi uzame, kisha ushikilie kwa bisibisi mpaka plastiki igande. Ni kazi ya polepole lakini inashika vilevile. Pini za ofisini tunazikataa. Ni chuma cha kawaida chenye ngozi nyembamba ya zinki, na kwa hewa ya chumvi ya Tanga zitaanza kutu mapema. Kutu hujaa kuliko chuma kilichoizaa, hivyo inaisukuma plastiki kutoka ndani na kuipasua upya. Usitegemee sumaku kukuchagulia pini. Waya mzuri usioshika kutu, ukishavutwa na kukunjwa kiwandani, huweza kuvutwa na sumaku kidogo.

Miguu ya pini ikatwe kwa plaizi ya kukatia waya, miwani machoni, kwa kuwa vipande huruka. Sawazisha kwa tupa, halafu funika chuma chote kwa plastiki ya aina ile ile ili chumvi isikifikie. Kwa PP na PE yeyusha ufito uliokatwa kwenye ndoo au kava bovu lenye alama hiyo hiyo. PP juu ya ABS haishikani kamwe. Kwa ABS kuna njia nzuri zaidi: loweka vipande vyake kwenye asetoni, ndani ya chupa ya kioo yenye mfuniko, hadi viwe uji mzito, jaza ufa kwa nje pia, acha saa 24 kisha piga msasa namba 120, 240 na 400. Rangi juu ya PP itabanduka usipopaka kwanza praima ya plastiki.

Kama ufa uliwahi kumwagiwa supagluu, ikwangue yote kabla ya pini ya kwanza. Ikipata moto hutoa moshi unaowasha macho, na mabaki yake yanazuia plastiki kuungana. Na kama uso wa plastiki umekuwa mweupe na unatoa unga ukiusugua, jua limeshaikata ndani. Pini itang'oka na bonge lake. Tafuta kava jingine.

Zipo sehemu zisizopigwa pini hata zikiwa za plastiki nzuri: helmeti, tangi la petroli, kikopo cha mafuta ya breki, na chochote cha gesi ya kupikia. Tangi la maji na dumu pini zitalishika lakini halitaacha kuvuja, kwa hiyo huko ni kuyeyushia PE mpaka ufa wote ujae. Kitako cha feni kinashoneka vizuri kabisa. Mapanga yake hayashoneki: pini zinaongeza uzito upande mmoja, feni inayumba, na kwa kasi ile panga lililopasuka likiachia linaruka chumbani. Nunua seti mpya ya mapanga.