Nani aliwaambia akili inapaswa kuwa tupu?

Ijumaa iliyopita kijana wa bodaboda wa steji ya Kondele aliketi mbele yangu, akaweka helmeti chini, akasema: "Madam, hiyo kitu ya kutafakari imenishinda. Nilikaa dakika tano, mawazo yakanijia kama nyuki. Mkopo wa pikipiki, karo ya mtoto, yule askari wa asubuhi. Akili yangu inakataa kuwa tupu."

Alikuwa wa tatu wiki hiyo. Jumatatu alikuja mwalimu wa shule ya msingi, Jumatano mama anayeuza omena, na kilio ni kile kile: nimejaribu, mawazo hayakuisha, basi jambo hili si la watu kama mimi. Nimefanya ushauri nasaha hapa Kisumu miaka 11 na neno hili "tupu" limeniudhi vya kutosha. Linawafukuza watu mlangoni kabla hawajaingia.

Hakuna mtu anayekuomba uondoe mawazo. Ubongo ulio hai huzalisha mawazo kama ini linavyozalisha nyongo, na hakuna anayeliambia ini linyamaze. Tena ukilazimisha, mambo huharibika zaidi. Mwaka 1987 mwanasaikolojia wa Marekani, Daniel Wegner, na wenzake waliwaagiza wanafunzi wasimfikirie dubu mweupe kwa dakika tano, na kila akiwajia wapige kengele. Kengele zililia. Baadaye waliporuhusiwa kumfikiria, aliwajia kwa wingi kuliko alivyowajia wenzao ambao hawakukatazwa tangu mwanzo. Sasa badala ya dubu weka mkopo wa pikipiki.

Zoezi lenyewe ni hili. Unachagua kitu kimoja cha kukaa nacho, mara nyingi pumzi. Akili inaondoka. Unagundua imeondoka. Unairudisha. Namna ya kuketi, kufumba macho au kuyaacha wazi, asubuhi au jioni, hayo ni madogo. Kaa kama unavyokaa ukisubiri matatu ijae, dakika kumi zinatosha.

Ninapotaka kukaa zaidi ni hapo kwenye kugundua, kwa sababu hapo ndipo kazi ilipo na ndipo watu wanapojihukumu. Dakika moja iliyopita ulikuwa kwa mwenye nyumba mkibishana kuhusu kodi, midomo inakaribia kusogea. Ghafla unajua: kumbe niko hapa, kwenye kiti, na yule bwana hayupo. Hukukilazimisha kile kitambo kije. Kilikuja chenyewe. Na wengi, badala ya kukipokea, wanajigombeza papo hapo: "Ona, nimeshindwa tena, kichwa changu kibovu." Huko kujigombeza ni wazo jingine, tena refu na chungu kuliko lile la kodi, na limepita bila kuonekana kwa sababu limevaa nguo za bidii. Akili ikiondoka mara 30 na ukairudisha mara 30, umefanya zoezi mara 30. Anayeinua jembe haharibu kazi kila jembe linaposhuka.

Sehemu ya lawama naiweka kwa lugha. Tunasema "kutafakari", na kutafakari kwa Kiswahili ni kufikiri kwa kina. Kwa hiyo nusu ya wateja wangu huketi wakachambua matatizo yao dakika kumi nzima na kuinuka wamechoka, na nusu nyingine hupigana wasifikiri chochote. Mimi napenda "uzingatifu". Neno lililo nyuma ya mafunzo haya, sati, la Kipali, lugha ya maandiko ya kale ya Kibuddha, lina mzizi wa kukumbuka, na nikiwaambia watu "kumbuka ulipo" wananielewa upesi kuliko nikiwaambia "tulia".

Kuna pia wanaoogopa kwa sababu ya imani, na hofu yao naiheshimu. Mama wa omena alinikumbusha Mathayo 12, ile nyumba iliyofagiwa ikakutwa tupu, na pepo saba wakaingia. Nilimjibu, "Mama, hatuhamishi mtu. Vyombo vyako vyote vibaki ndani, tunawasha taa tu uvione." Hatukutumia hata pumzi. Nilimwomba, anapogeuza omena juani pale Dunga, ahisi mikononi ule ukavu wa samaki na joto la wavu, na akili ikienda kwa deni airudishe mikononi. Hilo aliliweza siku ya kwanza.

Sasa niseme yale ambayo vipeperushi havisemi. Mafunzo ya uzingatifu ya wiki nane ambayo profesa wa tiba Jon Kabat-Zinn aliyaanzisha mwaka 1979 Massachusetts, Marekani, ndiyo chimbuko la mengi tunayofundisha, yana faida, lakini ni faida ya kadiri. Uchambuzi wa majaribio 47 uliotoka 2014 uliona nafuu kwenye wasiwasi, huzuni na maumivu, ila haukuona ushahidi kwamba njia hii inashinda mazoezi ya mwili au tiba nyingine. Uingereza walijaribu kuwafundisha njia hii maelfu ya wanafunzi shuleni, na matokeo ya 2022 hayakuonyesha kwamba iliwafaa kuliko masomo yao ya kawaida. Mara nyingine najiuliza kama mteja wangu amepona kwa pumzi au kwa sababu mtu alimpa saa nzima ya kusikilizwa. Sina njia ya kuvitenganisha.

Tena inaweza kuumiza. Miaka ya nyuma nilimfumbisha macho mama aliyeponea fujo za baada ya uchaguzi wa 2007. Dakika ya pili mikono ilianza kutetemeka, pumzi ikakatika, na mimi nikamwambia aendelee, itapita. Nilikosea. Kwake giza na kifua chake mwenyewe vilikuwa ndipo yale mambo yalipohifadhiwa. Siku hizi mtu mwenye jeraha kama hilo namwacha macho wazi, nyayo sakafuni, asikilize tuktuk za nje. Na asiyelala wiki nzima au anayewaza kufa simpi pumzi kama dawa. Namsindikiza hospitali siku hiyo hiyo.

Kijana wa Kondele alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Kwa hivyo kila nikigundua nimeenda kwa mkopo, nikarudi, hiyo inahesabika?"

"Inahesabika."

Akanyamaza, akahesabu kwa vidole. "Basi ile siku ilikuwa kama mara tisa."

Nikamwambia arudi Jumanne.